Shahamu Ilikuwa Kosa Tangu Mwanzo

Kila filamu ile ya Mangal Pandey ya mwaka 2005 inaporudiwa, ubishi unaozuka ni ule ule: ng'ombe au nguruwe? Mmeiona, wengine wenu kwenye kibanda umiza na sauti ya mtafsiri ikimfunika Aamir Khan, na kipande ninachokisema mnakijua. Risasi ya karatasi imepakwa mafuta, askari wa Kihindi anaamriwa aing'ate, anagoma. Kwa yule aliyetakiwa kukiweka kitu kile mdomoni, Mhindu au Mwislamu, swali la mnyama lilikuwa kila kitu, na hakuna wa kumlaumu. Ila kazi ya safu hii ni bunduki, na kwa macho ya fundi wa bunduki ng'ombe na nguruwe wana kesi moja. Shahamu haikutakiwa kuwepo pale, iwe ya mnyama yeyote. Risasi ya baruti nyeusi inayokwenda nchi ya joto haipakwi shahamu. Anayebisha aje Dodoma mwezi wa Oktoba, aiweke kwenye mkebe juani tangu asubuhi hadi adhuhuri, halafu tuendelee na mazungumzo.

Twende taratibu kwenye tukio lenyewe, uasi wa askari wa Kihindi wa mwaka 1857, maana wachambuzi wenzangu wakifika hapa hukimbilia siasa, mafuta yenyewe wakayaruka. Enfield ya 1853 ilikuwa bunduki nzuri. Juu ya mtutu wake na shabaha yake sina neno. Kichwa cha risasi kilikuwa chembamba kidogo kuliko tundu la mtutu, kikateremka bila kugongwagongwa kwa mdeki, na baruti ilipolipuka kitako chake kilitanuka kikaikamata mifereji. Karatasi yenye mafuta iliteremka pamoja nacho. Mafuta yale yalikuwa na kazi mbili: kuisaidia risasi ishuke, na kuulainisha ukoko ulioachwa na risasi iliyotangulia ili ya ishirini iingie kama ya kwanza. Ili yafanye kazi hizo, lazima kwanza yawepo. Yawe bado pale yalipopakwa, kati ya karatasi na risasi, siku askari anapofungua mkoba wake, hata kama yalipakwa miezi mingi nyuma na sanduku limepita bahari, ghala na mgongo wa ngamia. Huo ndio mtihani mzima wa mpako. Shahamu inaufeli.

Shahamu ya ng'ombe huanza kulegea mapema, na ikifika nyuzi arobaini na kitu za Selsiasi imeshakuwa mchuzi. Uingereza haikuwa na shida hiyo. Kule watu walitengeneza hata mishumaa kwa shahamu, nayo ikasimama wima mezani. Ipeleke Meerut, India, mwezi Mei uone. Kwanza inalowesha karatasi yote. Kisha inatambaa kuelekea kwenye baruti, na baruti iliyoonja mafuta huwaka kivivu, leo inapiga juu, kesho inapiga chini. Ile inayobaki kwenye risasi inachacha, na uchachu wake unaila risasi mpaka inatoa unga mweupe na kuvimba. Mwisho wa safari askari anashika karatasi iliyokauka upande mmoja na kunuka upande mwingine, risasi iliyonenepa, na mtutu ambao utaanza kumgomea kabla mapigano hayajakolea. Huyo ndiye askari ambaye Kampuni ya India Mashariki ilitaka kuingia naye vitani. Hata kama kila mtu kambini angekuwa hana mwiko wa nyama yoyote, mpako ule ulikuwa mbovu.

Nta ilikuwemo kwenye mchanganyiko, msinikatize. Ilikuwemo kidogo, shahamu ikiwa ndiyo nyingi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, karibu nyuzi ishirini juu ya shahamu, na haichachi. Kwa hiyo dawa na sumu vilikuwa ndani ya sufuria moja, wakazidisha sumu. Baada ya damu kumwagika uwiano uligeuzwa: nta ikawa nyingi, shahamu kidogo, na mwishowe nta tupu. Mtu akibadilisha kitu kichwa chini miguu juu namna ile, ameshakiri bila kufungua kinywa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo, tena mapema. Sampuli za risasi zile zilipelekwa India mwaka 1853 hasa ili kuona kama mafuta yake yatahimili hali ya hewa. Zilibebwa kwenye mikoba ya askari, zikawekwa ghalani, zikaandikiwa ripoti. Mwaka huo huo Kanali Henry Tucker, aliyekuwa msaidizi mkuu wa utawala katika jeshi la Bengali, aliandika kutahadharisha kuwa mafuta yasiyojulikana asili yake yatawaudhi askari. Barua yake ikazama kwenye mafaili. Kisha mkataba wa kununua shahamu ukaandikwa bila hata kutaja mnyama. Kwa hiyo waliokaa mezani walikuwa na kipimo cha joto mkononi na barua ya Tucker droo ya chini, wakaamua kana kwamba hawana chochote.

Januari 1857 habari za mafuta hayo zilivuja Dum Dum, karibu na Kalkuta. Kabla mwezi haujaisha, serikali ikaruhusu askari wapewe risasi kavu na wajipakie wenyewe kitu wanachokikubali, mathalani nta na mafuta ya sokoni. Simama hapo. Nta ilikuwa sokoni! Mita chache kutoka kambini, siku zote. Jibu la kiufundi na jibu la kiimani yalikuwa kitu kimoja, kinauzwa kwa mizani, na kilikuja baada ya imani kuvunjika. Machi 29 ikawa Barrackpore na uasi wa Mangal Pandey. Aprili 24 askari 85 kati ya 90 wa kikosi cha farasi Meerut walikataa kuzigusa risasi. Mei 10 moto ukawaka. Sisemi vita ile ilitokana na mafuta peke yake; wanahistoria watanikaba koo, na watakuwa na haki. Nasema uamuzi huo mmoja, ukiutenga na mengine yote, hauna pa kutetewa.

Sasa tuje kwetu, maana mwaka ule ule wa 1857 kulikuwa na mzungu mwingine wa Kampuni ya India Mashariki anahangaika na jua la nyanda za kati. Richard Burton, na mwenzake Speke pembeni yake, waliondoka pwani mwezi Juni. Septemba na Oktoba wako Ugogo wanabishania hongo, wakati Delhi inatekwa upya. Novemba 7 wakaingia Kazeh, Tabora ya leo. Askari wao wa Kibaluchi, waliotolewa na Sultani wa Unguja, walibeba bunduki za mrao. Njia nzima ile, kuanzia vichaka vya Itigi hadi Unyamwezi, mizinga ya magogo ilikuwa inaning'inia juu ya miti. Nta ya ukanda huo baadaye ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa za kuuzwa nje wakati wa Wajerumani, na hadi leo Tabora, Manyoni na Itigi zinaendelea kuitoa. Kama kuna mahali duniani ambapo mtu hana udhuru wa kupaka shahamu, ni hapa.

Tena hapa mtihani ni mgumu kuliko pwani. Baruti nyeusi mnaijua: shura asilimia 75, mkaa 15, kiberiti 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa bali hubaki kuwa chumvichumvi na masizi. Chumvi hizo zina kiu ya maji. Tanga au Bagamoyo zinajinywea unyevu wa bahari na kulainika zenyewe. Kutu itakuja usiku, lakini risasi inayofuata itaingia. Dodoma, mita elfu moja na mia na kitu juu ya usawa wa bahari, mvua zikiisha Aprili hakuna unyevu wa kunywa. Upepo mkavu wa kusini-mashariki unapuliza hadi Novemba, na ukoko ndani ya mtutu unakauka ukawa mgumu wa kukwaruza. Joto linamaliza mpako, ukavu unaukaza ukoko. Mambo mawili kwa mpigo, na kila moja linataka tiba inayopingana na ya mwenzake: joto linadai mpako mgumu, ukavu unadai mpako wenye majimaji. Hapo ndipo ufundi ulipo, na ndiyo maana nachoka ninapomsikia mtu anasema "paka chochote chenye utelezi."

Chochote kama kipi? Samli ya Ugogo ni tamu kwenye wali, ila inayeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu. Itatoka kwenye risasi kabla hujatoka nyumbani. Mafuta ya nazi ndiyo usiseme, adhuhuri kwetu hapa ni maji. Alizeti, ambayo Singida na Dodoma tunaikamua kwa fahari, ina kasoro nyingine: ikikaa hewani na kupata moto hushikana, ikawa gundi. Nimeona mtutu uliopakwa alizeti ukaachwa wiki chache. Kitambaa kilinasa katikati. Kuna grisi za magari na jeli za petroli, kipenzi cha vijana. Mafuta ya petroli yakikutana na moto wa baruti nyeusi yanazaa kitu cha kunata kama lami ambacho maji hayakitoi. Yanafaa kwenye bunduki za kisasa na kwenye beringi za lori. Kwenye gobore yabaki mbali.

Yanayofaa ni yale yasiyokauka na yasiyochacha haraka. Mafuta ya nyonyo ni mazuri mno, mazito, hayakimbii. Mafuta ya karanga nayo yanafaa. Na hapa sina budi kuingiza Kongwa, maana ni ugonjwa ule ule. Mwaka 1947 London iliamua kuwa nyanda hizi zitailisha Uingereza mafuta ya karanga, ikaleta matrekta na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia, bila kuwauliza Wagogo mvua inanyesha lini na udongo unafanyaje ikikatika. Udongo ulikaza, karanga zikang'ang'ania ardhini, na Januari 1951 mradi ukazikwa na pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda. Waliopitisha shahamu na waliopitisha Kongwa wametenganishwa na karibu miaka mia, lakini wote walikaa kwenye baridi wakaamulia joto. Nimeshasema haya humu, na nitayasema tena.

Waliokuja baada ya 1857 walijifunza, nawapa haki yao. Mwingereza Edward Boxer aliipaka nta risasi ya Snider, bunduki ambayo Uingereza ilimpa Sultani Barghash kwa ajili ya jeshi la Mwingereza Lloyd Mathews mwaka 1877, na Martini-Henry ikapewa kisahani cha nta nyuma ya risasi.

Mauser M/71, ile iliyobebwa na askari wa Kijerumani hapa kwetu, ilifanya vivyo hivyo. Gramu 5 za baruti, kadi, kisahani cha nta, kadi tena, halafu risasi ya gramu 25 iliyozungushiwa karatasi. Kadi inaizuia nta isiifikie baruti hata sanduku likishinda juani. Ikipigwa, nta inasukumwa nyuma ya risasi na kuupangusa mtutu ikipita. Kazi safi.

Kazi safi ndani ya uamuzi mchafu, lakini. Wakati Ujerumani imeshawapa wanajeshi wake bunduki za baruti isiyo na moshi miaka mingi, askari wengi wa Afrika Mashariki waliingia vita vya 1914 na M/71. Sababu mnaijua, na von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani hapa, ameieleza kwenye kumbukumbu zake: iliaminika kwamba kwa mwanajeshi mweusi bunduki ya moshi inatosha, inafaa hata zaidi, kwa kuwa atapigana na watu wa mikuki tu. Kama vile Wahehe hawakuwafundisha kitu pale Lugalo, Agosti 1891, walipoufagia msafara wa Wajerumani chini ya Zelewski na kuondoka na bunduki zenyewe. Moshi wa M/71 ukitoka kichakani unamwonyesha adui askari alipolala. Nta nzuri kiasi gani itamwokoa mtu ambaye wingu liko juu ya kichwa chake?

Tanga, Novemba 1914, iliokolewa na mengi, yakiwemo makosa ya Waingereza na, ndiyo, nyuki waliotoka mizingani wakawashambulia watu wa pande zote mbili. (Waingereza waliamini kwa muda kuwa ni hila ya Wajerumani. Nyuki huwa hawapokei amri, lakini siwezi kuwanyima nafasi yao kwenye safu inayosifu nta.) Mavuno ya siku ile yalikuwa bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000, na von Lettow akazigawa kwa kampuni zake upesi kuliko alivyogawa sifa. Meli Rubens ikaingia Manza Aprili 1915 na bunduki nyingine mpya. Lakini hata vita ilipopanda kwetu, Kondoa usiku wa Mei 9, 1916, na hata van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, alipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai, M/71 zilikuwa bado vitani. Wengi waliachana nazo Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, Novemba 1917, walipowanyang'anya Wareno zao. Miaka mitatu ya kupigana na moshi, kwa sababu ya fikra za mtu wa ofisini kuhusu rangi ya mpiga bunduki.

Ukiniuliza nani alilielewa jua hili, nitawapita Wajerumani na Waingereza niende kwa ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, na wawindaji wa tembo wa miaka ya 1870. Gobore zao zilikuwa na mitutu laini, bila mifereji, na risasi ya mviringo iliyopwaya kidogo. Ukoko ulikuwa na nafasi ya kukaa bila kumzuia mtu. Shabaha ya mbali walikosa, hilo ni kweli, na wafuasi wa mifereji huwa wananikumbusha kila mara. Lakini silaha iliyofaa ukavu wa miombo walikuwa nayo, na mtutu uliochafuka ulioshwa kwa maji, ambayo hadi leo hayajapata mpinzani kwa chumvi za baruti nyeusi. Kabla ya kutafuta dawa ya kopo, mtu aanze na maji ya uvuguvugu, kitambaa kikavu, halafu mafuta.

Kwa wenye leseni na bunduki za mifereji za aina ya zamani, basi, msimamo wangu haujabadilika. Nta ya kweli, iliyochujwa, yenye harufu ya nta. Inayouzwa ikiwa nyeupe na isiyo na harufu mara nyingi ina nta ya parafini ndani yake, hiyo ya mishumaa. Iyeyushe kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe, na baruti iwe nyumba nyingine kabisa. Ongeza nyonyo au karanga. Mtu akitaka shahamu kwa ukaidi, achukue ya kondoo, ambayo ni ngumu kuzidi ya ng'ombe, na iwe sehemu ndogo. Kati ya baruti na mpako pawe na kadi kila mara, kama alivyofanya Mauser.

Nabishana na wale wa nta tupu pia, wanaomtaja Boxer kila wakifungua mdomo. Risasi za Boxer zilitengenezwa zikae ghalani miaka na zisafiri kona zote za dola, nta tupu ikawa na maana yake. Sisi tunapaka leo tunapiga Jumamosi. Asubuhi ya Julai hapa, upepo ukivuma na kipimajoto kiko kwenye nyuzi kumi na kitu, nta tupu inakaa ngumu, haiulainishi ukoko wowote, inapita tu. Miezi hiyo nusu kwa nusu inatosha, mafuta yapate kufanya kazi yake. Kuanzia Septemba nta iongezwe hadi sehemu mbili kwa moja ya mafuta, na Novemba, gari likiwa limefungwa na kuachwa juani, hata tatu kwa moja si nyingi. Na risasi zibebwe kwenye kikapu chenye kitambaa kibichi, chini ya kiti, si juu ya dashibodi.